Silkie wa miezi mitatu: nitamjuaje jogoo, na hawa wawili wanaokoroma nitawatibuje?

Mlezi wa Shungi

Salaam, wafugaji wenzangu. Nina kundi dogo la Silkie weupe, wale kuku wenye manyoya laini kama hariri, wanaokaribia umri wa miezi mitatu, nao wamenitatiza kwa mambo mawili.

La kwanza ni jinsia. Kuku wa aina nyingine niliowahi kufuga hujidhihirisha mapema, kwa kuwa katika umri huu pora huwa ameshaota undu mwekundu na anaanza kupata manyoya yaliyochongoka shingoni. Hawa wote wanafanana kama mafungu ya pamba, na ningependa kujua nani ni nani kabla sijaamua yupi abaki na yupi auzwe.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Wawili wanapiga chafya, mmoja wao ana povu kwenye kona ya jicho, na usiku banda likitulia namsikia akikoroma kila avutapo pumzi. Wanakula, ingawa kwa uvivu. Ninayo amoksilini iliyobaki baada ya kumtibu mnyama mwingine. Je, niichanganye kwenye maji ya kundi zima?

Mama Vifaranga

Pole sana, ndugu yangu. La ugonjwa nawaachia wanaolijua zaidi, ila naomba nilijibu la jinsia, kwa sababu Silkie ninawapenda na nimewaatamisha kwa muda mrefu.

Unyoya wa kuku wa kawaida una vijindoano vidogo mno vinavyoshikanisha nyuzi zake hadi zikawa bapa moja. Silkie hana vijindoano hivyo, na ndiyo maana manyoya yake hubaki yametawanyika kama unavyoyaona. Basi zile dalili tunazozitegemea kwa kuku wengine, yaani urefu wa manyoya ya bawa kwa kifaranga wa siku moja, au shingo na mgongo wa pora kung'aa na kuchongoka, kwa Silkie zinafifia kiasi cha kutokuwa na manufaa. Hata rangi ya undu inapotosha, kwa kuwa ngozi yao ni nyeusi na undu wao huwa wa zambarau iliyokolea, si mwekundu.

Kwa hiyo mshike kuku mmoja mmoja kwenye mwanga wa mchana, uyafunue manyoya ya juu ya mdomo kwa kidole gumba. Undu wa pora hutangulia kukua, huwa mpana na wenye vinundu, na aghalabu huenea kuelekea pande zote mbili za paji la uso. Wa tetea hubaki mdogo na mwembamba kwa miezi mingi. Kisha tazama kishungi. Cha tetea huwa mviringo uliofungana, ilhali cha pora huanza kutoa nyuzi ndefu zilizolala kuelekea kisogoni, hasa ukimtazama kutoka ubavuni. Ndevu za nyama chini ya kidevu nazo husaidia, isipokuwa kwa Silkie wenye ndevu za manyoya, ambao hufunika kila kitu.

Tabia usiitegemee sana. Matetea nao hukabiliana kifua kwa kifua wanapotafuta nafasi zao, na pora mpole anaweza kukawia mno kuwika. Katika umri wa miezi mitatu utawatambua wachache waliojitokeza waziwazi, na waliobaki utahitaji kuwasubiri hadi mwezi wa tano au wa sita, pengine zaidi. Ukiwa na haraka ya kweli, maabara hupima jinsia kwa unyoya uliong'olewa pamoja na mzizi wake au kwa tone la damu: kuku jike ana kromosomu Z na W, jogoo ana Z mbili, na jibu la namna hiyo halitegemei jicho la mtu. Nakushauri usiuze yeyote sasa, kwanza kwa sababu bado huwajui, na pili kwa sababu ya hizo chafya.

Tabibu wa Ndege

Nianze pale alipoishia Mama Vifaranga. Kuku asitoke wala asiingie katika kundi hilo kwa sasa. Kisha watenge hao wawili leo hii, mahali pakavu pasipo upepo wa moja kwa moja, na uwahudumie baada ya kuwahudumia wazima, kwa viatu na vyombo tofauti.

Kuhusu amoksilini, tafadhali usiitumie. Povu la jicho, chafya na mkoromo unaozidi usiku ni dalili zinazonifanya nishuku mikoplasma kabla ya kitu kingine, na bakteria huyo hana ukuta wa seli. Dawa za jamii ya penisilini hufanya kazi kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo, kwa hiyo kwa mikoplasma hazina pa kushika. Dawa zinazotumika ni kama tailosini au zile za jamii ya tetrasaiklini, kwa kipimo atakachokupa daktari wa mifugo baada ya kuwaona ndege wenyewe. Ukipewa ya jamii ya tetrasaiklini, ondoa maganda ya chaza na virutubisho vingine vya kalsiamu kwa muda wa tiba, maana kalsiamu huifunga dawa tumboni isifyonzwe.

Hata hivyo dalili hizi si za ugonjwa mmoja tu, na kukosea hapa ni kupoteza kuku. Mafua makali ya kuku husambaa kundini kwa siku chache, uso huvimba chini ya jicho, na makamasi huwa na harufu mbaya ambayo huwezi kuisahau. Kuku anayenyoosha shingo na kutweta, akikohoa kamasi lenye damu, ana ugonjwa wa virusi wa njia ya hewa ambao hakuna antibaiotiki itakayouponya. Anayepanua mdomo mara kwa mara bila makamasi huenda ana minyoo kwenye njia ya hewa, na hiyo huhitaji dawa ya minyoo. Vifaranga wanaohema kwa shida bila sauti yoyote hunifanya nikague matandazo kama yameota ukungu. Na vifo vya ghafla, kinyesi cha kijani na shingo kupinda huelekeza kwenye kideri au mafua ya ndege. Hapo mpigie daktari wa serikali mara moja, usifungue mzoga mwenyewe.

Kwenye hilo la shingo nakuomba umakini wa pekee, kwa sababu Silkie wengi wana fuvu lililoinuka chini ya kishungi, na pigo dogo la mdomo wa mwenzake linaweza kumpindisha shingo bila maambukizi yoyote. Dalili za kundi zima ndizo zitakazokutofautishia.

Kuna jambo moja la kukagua leo. Inua bawa la kila kuku na utazame manyoya ya bega. Kuku mwenye makamasi hujifutia pua hapo, na kwa Silkie mweupe utaona nyuzi zimeganda pamoja zikiwa na rangi ya kahawia, hata kama pua yenyewe unaikuta safi. Utajua ni wangapi wameshaambukizwa.

Mwenye Banda

Naongeza kuhusu banda, maana dawa pekee haitoshi. Chuchumaa hadi kichwa chako kiwe sawa na cha kuku, uvute pumzi. Ukihisi ukali wa amonia machoni au puani, hewa hiyo imeshawadhuru, kwani kiwango cha sehemu 25 kwa milioni kinatosha kuumiza utando wa njia ya hewa na kuwafungulia mlango vijidudu. Silkie hawaruki, kwa hiyo wengi hulala chini juu ya matandazo, palipo na amonia nyingi kuliko kwenye kichanja wanacholala kuku wengine. Wawekee kichanja cha chini chenye ngazi pana, ondoa matandazo yaliyolowa, na uache nafasi ya hewa juu ya vichwa vyao. Manyoya yao hayazuii maji, basi akilowa mkaushe kabla ya jua kuzama.

Kishungi kinachofunika macho kipunguze kwa mkasi butu. Kikilowa usaha wa jicho hukauka na kumkwaruza, na jicho hilo haliponi.

Mlezi wa Shungi

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimewatenga, na nilipoinua mabawa nilikuta doa la kahawia begani mwa kuku wa tatu ambaye hakuwa amepiga chafya hata mara moja mbele yangu. Naye nimemtenga, na daktari atakuja kesho. Swali langu la mwisho: wakipona, naweza kuwaatamisha mayai yao?

Tabibu wa Ndege

Umefanya vema kumtenga huyo wa tatu. Mwombe daktari achukue sampuli kwa ncha ya pamba kabla ya dozi ya kwanza, maana dawa ikitangulia, kipimo kinaweza kumkosa bakteria aliyemo.

Ikithibitika ni mikoplasma, watapata nafuu lakini hawatatakasika. Watabaki wabebaji maisha yao yote, na jike huipitisha kwa kifaranga akiwa bado ndani ya yai. Wafuge kama kundi lililofungwa ukipenda, ila usiuze vifaranga wao wala mayai ya kuatamia. Mayai ya kula yana muda wake wa kusubiri baada ya dozi ya mwisho, ulioandikwa kwenye lebo, na hutofautiana kwa dawa na kwa nchi. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku antibaiotiki iitwayo enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005. Na kuku yeyote mpya utakayemleta, hata akionekana mzima, akae peke yake siku 30 kwanza, huku ukikagua mabega yake.