Likizo ya mlima Desemba: tunataka kuona watu pia, sio kilele tu

Wanja_SouthB
Habarini wadau. Tuko wanne, wote tunafanya kazi hapa Nairobi, na mwisho wa mwaka tutapata wiki moja na kitu ya likizo. Mlima Kenya tushapanda kwa njia ya Sirimon, kilele cha Lenana tukafika, lakini nikisema ukweli chenye nakumbuka ni baridi na mgongo wa mtu alikuwa mbele yangu, Ijumaa tuko kwa gari Jumapili usiku tuko Thika Road kwa jam. Hatukuongea na mtu yeyote wa huko. Safari hii tunataka mlima mkubwa lakini pia tukae na watu wa huko, tule chakula chao, tuone vile wanaishi. Mmoja wetu anasema Kilimanjaro, mwingine hataki kusikia kitu kingine isipokuwa Nepal. Pesa iko kiasi. Wenye mmeenda mnasemaje?

mtembezi_wa_Kiserian
Dada karibu. Kuna tofauti moja mnafaa kujua kabla hamjalipa mtu. Kilimanjaro, kama tu Mlima Kenya, ukishapita geti la mbuga hakuna mtu anaishi huko juu, ni msitu, halafu nyika, halafu mawe na vumbi, utaona wageni wenzako na wapagazi basi. Nepal njia yenyewe inapita kwa vijiji, Namche Bazaar iko mita 3,440 na ni mji kabisa una maduka na shule, unalala kwa loji ya familia na unakula walichopika. Kwa hivyo mkienda Kili na mnataka kujua Wachagga hizo siku mzitenge kando, huko chini, na ziwe KABLA ya kupanda. Mkisema mtafanya mkishuka hamtafanya, magoti yatakuwa yamekataa na kila mtu anataka maji moto na kitanda.

Mimi ningelala Marangu, kijiji kiko chini ya mlima, siku mbili tatu kwa nyumba za wenyeji wanaopokea wageni. Ombeni mtembezwe kwa kihamba cha mtu, hilo ni shamba la ukoo, miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na ng'ombe wako ndani ya banda wanaletewa majani, yote kwa kipande kidogo sana cha ardhi. Muone mifongo pia, mifereji ya zamani inayoleta maji kutoka mtoni juu, na muulize nani anaamua zamu ya maji maana hapo ndio utaelewa kijiji kinaendeshwa vipi. Mbege, pombe yao ya ndizi, msinywe tu, ombeni kuona ikipikwa. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zigeuke nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, ndio unaongezwa uji wa kimea cha ulezi, na ile uchungu kidogo inatoka kwa gome la msesewe. Mtori nao, ule mchuzi wa ndizi na nyama, asubuhi yenye baridi, sina la kuongeza.

Na mkipata nusu siku nendeni Old Moshi pale Mangi Meli, chifu wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani na mpaka leo jamaa zake wanakitafuta. Mtu akipanda huo mlima bila kusikia hiyo habari, kwangu mimi amepita tu.

Massawe_Embakasi
Naongezea moja kama mtu wa huko. Desemba Wachagga wote wanarudi nyumbani Krismasi, kutoka Dar, Arusha, hata sisi wa huku. Basi zinajaa, nauli zinapanda, kateni tiketi mapema sana. Lakini ndio wakati mzuri wa kuona ukoo umekusanyika, nyama inachinjwa, wazee wanaongea. Msiingie tu kwa boma la mtu na kamera, mwenyeji wenu awapeleke na mbebe kitu mkononi, sukari au majani ya chai inatosha.

Pasi_na_Begi
Nepal ni kuzuri mno ila Desemba baridi ni kali na mkiwa na siku chache msijaribu, tiketi peke yake kupitia Doha ama Dubai inakula bajeti. Msimu wake ni Oktoba-Novemba na Machi-Mei. Mkienda siku nyingine mwangalie bonde la Langtang badala ya kukimbilia Everest, kijiji cha Langtang kilifunikwa chote na maporomoko ya tetemeko la Aprili 2015, watu wakarudi wakajenga, na wageni wanaolala kwa loji zao ndio wanawasaidia kusimama. Kule ukikuta ukuta wa mawe yamechongwa maneno ya sala pita ukiwa umeuacha mkono wako wa kulia. Ukipita upande wa pili hawatakugombeza lakini inawauma.

Wanja_SouthB
Asanteni sana, sikuwa nimefikiria hiyo ya kabla na baada. Sasa swali, mwenzetu mmoja alitapika usiku mzima pale kambi ya Shipton's Mlima Kenya, je Kili si itakuwa mbaya zaidi? Na wapagazi tunajuaje wanalipwa vizuri?

daktari_wa_mteremko
Angalia hesabu. Nairobi iko kama 1,700, jioni hiyohiyo mnalala kambi ya Old Moses mita 3,300, kesho yake Shipton's 4,200. Mwili haukupewa nafasi. Ukishapita 3,000 pale unapolala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja, na njia ya Marangu ya Kili inavunja hiyo vibaya, kambi zake ni Mandara 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Ndio maana mchukue siku 6 sio 5, mlale Horombo mara mbili, mchana mpande mpaka Zebra Rocks mrudi kulala chini. Huyo mwenzenu aone daktari mapema kuhusu Diamox, dawa ya ugonjwa wa mwinuko. Na kichwa kikiuma huku mtu anayumba akitembea, anashushwa saa hiyohiyo hata kama ni usiku, hakuna kungoja kuche.

Wapagazi, ulizeni kampuni maswali haya kabla ya kulipa: wanakula mara ngapi kwa siku, wanalala wapi, wanalipwa ngapi. Mzigo unapimwa getini, mwisho kilo 20. Bei ikiwa chini kuliko zote jua kuna mtu amebeba hiyo tofauti mgongoni. Bakshishi mpeni kila mmoja mkononi mwake wote wakiwa hapo.

Massawe_Embakasi
Na mbebe pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Mkenya analipa kiwango cha Afrika Mashariki getini, hakikisheni hiyo imeandikwa kwa bei mnayopewa.

Wanja_SouthB
Sawa, wa Nepal amekubali kungoja Oktoba. Massawe naomba nikuandikie inbox kuhusu nyumba za kulala Marangu, na kama kuna mama anaweza kutufundisha mbege tutalipa siku yake.