Nimesema ukweli wa hesabu kuhusu mwezi, sasa nimetengwa. Nifanyeje?

Mwalimu wa Temeke (mwanzisha uzi)

Wakuu, assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Nipo Dar, nina miaka 31, nafundisha fizikia na hisabati sekondari. Usingizi umenipaa, naombeni mnisome hadi mwisho.

Mnaujua mvutano wetu wa mwandamo wa mwezi wa Idi. Wapo wanaosubiri tangazo la BAKWATA, baraza kuu la Waislamu nchini, wapo wanaofuata mwezi wa popote duniani, na nyumba moja inaweza kuwa na Idi mbili. Jumamosi tarehe 29 Machi 2025, baada ya magharibi, kwenye grupu la WhatsApp la msikiti wetu ukaingia ujumbe: mwezi umeonekana hapahapa Dar, shahidi muadilifu yupo, kesho Idi. Watu wakaanza kupongezana.

Mimi hesabu nilishaipiga tangu mwezi wa pili. Siku ile mwezi ulikutana na jua saa 7:58 mchana kwa saa zetu. Jua likazama saa 12 na nusu kasoro. Kwa hiyo jioni ile mwezi ulikuwa na umri wa saa nne na nusu tu, na haukufika hata nyuzi 4 kutoka kwenye jua. Chini ya kama nyuzi 7 hilali haifanyiki kabisa, hakuna uzi wa mwanga wa kuonwa. Na kama mtu haamini karatasi zangu, siku ileile watu wa Ulaya na Moroko waliliona jua limemegwa. Kilicholimega ni mwezi huohuo! Mchana uko mbele ya jua, jioni mtu aseme ameuona kwa macho yake?

Nikarekodi sauti ya dakika nne, nikaeleza, nikaituma. Tangu hapo salamu zangu zinajibiwa kwa shingo upande, kipindi cha hesabu nilichokuwa nawafundisha watoto pale madrasa nimeambiwa nipumzike, na kuna jambo langu la kifamilia limesimama. Ninyamaze au nisimame na ukweli?

Fundi Rangi

Pole mkuu. Kwetu Jumapili tulikula pilau kwa shemeji, Jumatatu tukala kwa mama, wala hatukugombana na mtu. Wewe uliswali lini?

Mwalimu wa Temeke

Jumatatu. Jumapili nilifunga.

Bi Mkubwa wa Ilala

Mwanangu, wa alaykumus salaam. Mtume amesema fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona. Hakusema kokotoeni. Sisi tumelelewa na wazee wanapanda juu ya paa, watoto chini wanasubiri, mwezi ukionekana ni vigelegele mtaa mzima. Mtu mmoja na simu yake asitutoe kwenye hilo. Na kama una la kusema, msikiti una imamu, ungemfuata faragha.

Mpenda Ushahidi

Mwalimu usirudi nyuma hata hatua moja. Nchi hii tunalipa gharama kubwa kwa sababu kila mwenye mashaka anaambiwa hana adabu. Mzee wa watu aliona Zuhura, ile nyota kubwa ya jioni, akadhani mwezi. Inatokea kila mwaka.

Dereva wa Mikoani

Mnisamehe nitoke nje kidogo. Mwaka 2011 nilikuwa na Land Cruiser napeleka wagonjwa Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa cha Babu, Mchungaji Mwasapile. Kikombe shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kulala porini, tena si usiku mmoja. Nilikuwa na mashaka, tena makubwa, lakini kila safari ilikuwa inanilipa, nikafunga mdomo. Safari moja nilimbeba mama mtu mzima mwenye kisukari, mcheshi sana. Wakati wa kurudi akaitupa dawa yake dirishani, akasema nimepona. Nikaiona kwenye kioo ikidondoka. Sikusimamisha gari. Ndugu zake waliniambia baadaye kilichotokea, na mpaka leo nikipita njia ile naangalia pembeni ya barabara.

Kwa hiyo mimi sitamwambia mwalimu anyamaze. Siwezi.

Neema wa Mbezi

Dereva, pole sana kaka yangu.

Mimi ni Mkristo, naomba niseme kidogo. Pasaka yetu nayo ni mwezi. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia tarehe 21 Machi, ila ule mwezi ni wa kwenye jedwali, hakuna anayetoka nje kuutazama. Na bado Waorthodoksi wana jedwali lao, miaka mingi tunatofautiana nao. Mwaka huu tumeangukia siku moja, 20 Aprili. Hesabu peke yake haijawahi kuwapatanisha watu.

Kijana wa Kariakoo

Nyote mnajibu mwezi. Yeye kasema kuna jambo la kifamilia limesimama, kapita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Jambo gani mkuu?

Mwalimu wa Temeke

Halihusiani sana. Tubaki kwenye hoja. Na Mpenda Ushahidi, nashukuru kwa kunitetea, lakini haikuwa Zuhura. Zuhura tarehe 23 Machi ilipita kati yetu na jua, jioni ile haikuwepo angani.

Bi Mkubwa wa Ilala

Mwanangu, nakuuliza kama mama. Shahidi alikuwa nani?

Mwalimu wa Temeke

Mzee mmoja wa Kigamboni.

Bi Mkubwa wa Ilala

Mzee nani kwako?

Mwalimu wa Temeke

Sawa. Ni baba wa mchumba wangu. Posa ilishajibiwa, mahari nimetoa nusu, nikah ilikuwa ifungwe mwezi huuhuu wa Mfunguo Mosi. Sasa mshenga wangu akipiga simu haipokelewi. Lakini nisikilizeni: sikumtaja jina. Na je, angekuwa baba wa mtu mwingine hesabu ingebadilika? Mwezi haujui nani ni mkwe wa nani.

Fundi Rangi

Lahaula! Mkuu, hili ndilo lilikuwa la kuanza nalo.

Kijana wa Kariakoo

Wakuu ngojeni kwanza. Alikuwa wapi huyo mzee alipouona?

Mwalimu wa Temeke

Kigamboni, kando ya maji. Mwenyewe anasema aliuona juu ya maji.

Kijana wa Kariakoo

Haya. Bahari ya Dar iko mashariki. Jua linatoka baharini, linazama bara. Hilali inakaa pale lilipozama jua. Sasa mtu asimame ufukweni Kigamboni aone mwezi mwandamo juu ya maji? Na mwalimu wa fizikia, mwenye hesabu za nyuzi na dakika, asiligundue hilo? Hiki kisa kimetungwa mezani. Mtu kataka kuwasema Waislamu na wazee wao, akajivika ualimu.

Mpenda Ushahidi

Duh. Hata mimi nimeshtuka. Mwalimu, jibu hilo.

Fundi Rangi

Na mimi nilishaanza kumhurumia.

Neema wa Mbezi

Kama ni uongo ni vibaya sana. Dereva kafungua kidonda chake hapa kwa ajili ya huu uzi.

Mtoto wa Kivukoni

Mnaomshambulia mwalimu, mnaijua Kigamboni ya picha za ufukweni. Mimi nimezaliwa hapa. Shuka kwenye kivuko, simama upande wa gati, geuka: maji yako mbele yako na mji uko ng'ambo. Jioni jua linazama upande wa bandarini, maji yanakuwa mekundu yote. Wazee wanakaa pale kila magharibi. Mtu akisema kaona kitu juu ya maji upande wa machweo, kwetu ni jambo la kawaida.

Ila na mimi nina langu. Ndege ikipita juu sana upande huohuo, jua limeshazama, ule mchirizi wake bado unapigwa na mwanga, unakuwa kama ukucha wa moto, halafu unafifia. Nimewahi kuitana na wenzangu kwa sababu ya mchirizi kama ule. Sisemi mzee aliona huo. Nasema pale pana vitu vya kuonekana.

Kijana wa Kariakoo

Nimekuelewa, ndugu yangu. Mwalimu, kwa hilo la bahari naomba radhi. Lakini nina swali la mwisho, na naomba ulijibu bila kukwepa. Ulipoituma ile sauti, ulikuwa unajua shahidi ni nani?

Bi Mkubwa wa Ilala

Ndilo hilo.

Mwalimu wa Temeke

Nimekaa na swali hili tangu mchana.

Nilikuwa najua. Mchumba wangu alinipigia kama dakika kumi kabla. Alikuwa na furaha, akasema baba ndiye kauona mwaka huu, nyumba nzima wanalia kwa furaha. Nikamwambia haiwezekani. Akasema tafadhali, leo usiseme kitu. Nikakata simu, nikarekodi.

Na ndani ya ile sauti nilisema "anayedai kauona mwezi leo ni mwongo". Neno hilo nililisema.

Lakini jamani, niwaulize. Nawafundisha watoto kwamba kipimo hakimwogopi mtu. Nikikaa kimya kwa sababu shahidi ni mkwe, Jumatatu naingiaje darasani? Nimeshachapisha kurasa 12, majedwali na michoro ya machweo ya siku ile. Ijumaa baada ya swala nitakwenda barazani kwake, mbele ya wazee wenzake, niwaoneshe kistaarabu. Wakiona namba wataelewa kuwa sikuwa na nia mbaya.

Fundi Rangi

Mkuu chonde, usiende na hizo karatasi.

Dereva wa Mikoani

Mdogo wangu, mimi nilisema siwezi kukwambia unyamaze. Naomba nisieleweke vibaya. Yule mama wa kisukari nilitakiwa nimwambie: mama, okota dawa yako. Sikutakiwa kumwambia wewe mjinga.

Ustadhi wa Buguruni

Nimechelewa kuuona uzi. Niseme machache, kwa faida ya Bi Mkubwa na mwalimu pia.

Hesabu si mgeni kwenye dini yetu. Imamu Taqiyuddin as-Subki, Mshafii kama sisi wa pwani, alikuwa kadhi wa Damascus karne ya 14. Yeye alisema hesabu ikionesha kwa yakini kuwa mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa anayesema kauona haupokelewi, kwa kuwa hesabu ile ni yakini na kuona kwa mtu kunaweza kuingiwa na kosa. Wanazuoni wengi walimpinga, lakini kauli ipo na ina heshima yake. Kwa hiyo Bi Mkubwa, kijana hakuleta bid'a ya simu.

Ila tazama, mwalimu, as-Subki alikataa ushahidi. Jicho kukosea ni jambo moja. Mtu kuwa mwongo ni jambo lingine, maana mwongo anajua kuwa anasema uongo. Hesabu zako zinathibitisha kuwa mwezi haukuonekana. Hazithibitishi kuwa mzee alijua hakuona kitu. Kurasa zako zote 12 hazina jedwali la moyo wa mtu.

Bi Mkubwa wa Ilala

Ahsante Ustadhi, nimejifunza, na kwa as-Subki nimenyamaza. Mwanangu, kwa mkwe hakuendwi na ushahidi kama mahakamani. Mtafute mshenga wako, mwambie akatangulie yeye, aseme kijana anaomba kuja kuomba radhi kwa neno. Asiseme kwa hesabu. Kwa neno. Na kule kwenye grupu ulikolitoa hilo neno, ukalitoe hukohuko, kwa sauti yako.

Mpenda Ushahidi

Nakubaliana, na nimeumia kukubaliana. Mimi ndiye nilikwambia usirudi nyuma, tena kwa Zuhura ambayo sikuihakikisha. Nilirusha jibu kwa kuwa lilinipendeza.

Mwalimu wa Temeke

Na kama nikiomba radhi wakasema "mnaona, mwezi ulionekana"?

Ustadhi wa Buguruni

Watasema. Baadhi yao. Wewe utakuwa umesema lako kwa usahihi.

Mwalimu wa Temeke

Wakuu, narudi na mrejesho, zimepita siku sita.

Karatasi nimeziacha nyumbani. Jumatano nilituma sauti nyingine kwenye grupu, ya sekunde 40. Nilisema hesabu yangu naisimamia, na neno "mwongo" nalifuta, sikuwa na haki nalo. Wawili wameniandikia faragha, wengine kimya.

Mshenga alipokelewa siku ya tatu. Jana alasiri nikaenda. Mzee aliniacha nimekaa muda mrefu, kahawa ikaletwa, ikapoa. Nikaomba radhi. Akaniuliza, "Ulijua ni mimi?" Nikasema nilijua. Kwa kweli hapo ndipo nilipoona nimemuumiza wapi. Akasema: "Niliona kama ukucha, mwekundu, ukazima. Niliapa kwa nilichokiona. Miaka 60 hakuna aliyewahi kuniita hivyo, ukaja kuniita wewe ninayekupa mwanangu." Sikuwa na la kujibu, nikainamisha kichwa.

Nikamwambia sijui aliona nini. Ndiyo kweli yenyewe, sijui. Sikumtajia michirizi ya ndege, haikuwa siku yake.

Nikah haijarudishiwa tarehe. Lakini wakati naaga kaniambia Jumatatu 28 Aprili, tarehe 29 ya Mfunguo Mosi kwetu tulioswali Idi Jumatatu, nije kivukoni kabla ya magharibi tukautazame pamoja. Nimeshaangalia: siku hiyo mwezi utakuwa na umri wa karibu saa 20. Unaweza kuonekana, masika wakituachia anga.

Mtoto wa Kivukoni

Nitakuwa hapohapo gatini. Mje mapema, jioni foleni ya kivuko ni ndefu.