Mchana najizuia vizuri, usiku nakula kila kitu. Nisaidieni wadau

MamaPacha:
Habari za jioni wadau. Nina miaka 37, kilo 84, urefu sentimita 160. Daktari kasema presha imeanza kupanda, na nikipungua huenda nisifike kwenye vidonge. Kwa hiyo msinione natafuta kiuno cha kuingia kwenye sare ya harusi.

Mchana sina shida kabisa. Nauza duka Kariakoo, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na chai ya rangi isiyo na sukari tumboni. Wenzangu wakiagiza wali saa saba, mimi nina tango langu na kipande cha tikiti. Nashinda hivyo na najiona shujaa. Kasheshe inaanza nikishuka Rangi Tatu saa mbili usiku. Pale kituoni kuna mihogo ya kukaanga na mishikaki, siwezi kupita bure. Nikipika naonja, na kuonja kwangu si kwa ncha ya kijiko. Nakula na watoto, namalizia walichobakiza, halafu wakishalala naanza upya: mkate na siagi, karanga, ukoko, mpaka kiporo nilichomwekea mume wangu cha asubuhi. Nakula nimesimama na taa nimezima. Asubuhi sitaki hata kuona chakula, basi nashinda tena na tango.

Kilo nne zilizotoka mwanzoni zimerudi zote. Wenye ushauri karibuni, wenye matusi mpite tu.

Jemedari wa Temeke:
Funga jiko kwa kufuli, ufunguo mpe mwenye nyumba.

MamaPacha:
Mwenye nyumba huyu? Atahamia jikoni yeye na ukoo wake.

Nesi wa Zamu:
Dada, pole. Nimesoma mara mbili, na ninachokiona ni kwamba tatizo lako liko mchana, huko unakojiona shujaa. Tango na tikiti ni maji. Mwili umekaa zaidi ya saa kumi na tano bila chakula cha maana, umebeba maboksi, umesimama kwenye daladala hadi Mbagala, halafu unataka ukifika mbele ya sufuria uwe na busara. Hiyo busara inatoka wapi?

Kuna utafiti maarufu ulifanyika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, chini ya Ancel Keys. Wanaume 36 wenye afya njema walilishwa karibu nusu ya walichozoea kwa miezi sita. Walianza kuota chakula, kukizungumza kutwa, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula mpaka tumbo likauma na bado hawakusikia kushiba. Hao walikuwa vijana waliojitolea wenyewe, hawakuwa watu wasio na msimamo. Kwa hiyo acha kujiita mlafi.

Sasa nijibu haya: unalala saa ngapi? Na kuna dawa au sindano yoyote unayotumia?

Chai ya Maajabu:
Ndugu mteja, tuna chai asilia, unapungua kilo tano kwa wiki bila kubadili mlo. Nitafute pembeni.

Bint Pongwe:
Wewe mwenye chai, nyingi ya hizo zina sanamaki. Mtu anaendesha siku tatu, anapoteza maji, mzani unashuka, akinywa maji unarudi. Mtu kasema ana presha, unataka kumkausha?

MamaPacha:
Nesi, nalala kama saa sita usiku, naamka saa kumi. Dawa situmii, ila nachoma sindano ya uzazi ya miezi mitatu tangu pacha walipozaliwa. Inahusika?

Nesi wa Zamu:
Vyote viwili vinahusika.

Usingizi wa saa nne ni mdogo mno. Mtu asiyelala vya kutosha homoni ya njaa hupanda na ile ya kushiba hushuka, na kinachotamaniwa ni wanga na mafuta, hakuna anayetamani mchicha usiku wa manane. Hiyo saa unayokaa jikoni gizani, sehemu yake ni usingizi unaokudai.

Sindano nayo, baadhi ya wanawake huongeza hamu ya kula na uzito, si wote. USIACHE ghafla ukatuletea pacha wengine. Nenda kliniki uliyochomewa, waambie na suala la presha, uliza kuhusu njia nyingine. Kitanzi cha shaba, kwa mfano, hakina homoni.

Mwalimu Mstaafu:
Ushauri rahisi: usile chochote baada ya saa kumi na mbili jioni. Mimi nimefanya hivyo miaka mingi.

Bint Pongwe:
Shikamoo mwalimu. Saa kumi na mbili dada yuko kwenye foleni, pua kwenye kwapa la mtu. Sheria hiyo inamfaa aliye nyumbani. Kwake itakuwa kufunga siku nzima, na ndicho kinachomponza.

Mtu wa Chumbageni:
Niongeze la upande wetu. Mimi nilikuwa nanenepa kila Ramadhani, watu wakishangaa mtu anafunga na shati halifungi. Adhana tu, nakaa mbele ya sinia: viazi vya nazi, mihogo, kaimati, sambusa, juisi ya ukwaju yenye sukari ya kutosha msiba. Sikuwa nasikia ladha, nilikuwa naziba shimo. Mzee mmoja akanielekeza kufungua kwa tende na maji na kikombe cha uji, niende nikaswali Magharibi, nikirudi ndiyo nikae. Zile dakika ishirini zinatosha tumbo kuujulisha ubongo. Nikirudi sinia lile lile halinitishi.

Kwa hiyo dada, usifike Rangi Tatu ukiwa mtupu. Kabla ya kufunga duka kula kitu: ndizi na kiganja cha karanga, au mtindi usio na sukari. Mihogo utaiona, ila haitakuita jina.

Bint Pongwe:
Hapo kwenye karanga apime kweli kiganja. Karanga na mafuta ndiyo yanatuua kimya kimya. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na mboga zetu wengi tunamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu.

Na hayo mabaki ya watoto, wapakulie kidogo waombe kuongezewa. Wakimaliza, kiporo kiingie kwenye hotpoti au friji HAPO HAPO, kabla hujakaa. Cha mume wako mwambie akifunike mwenyewe, ana mikono.

Daktari Mchanga:
Naomba niseme jambo ambalo wengi wamelipita. Kula gizani, kwa kujificha, kupita kushiba, halafu kujiadhibu asubuhi kwa kutokula. Ikiwa hali hiyo inakuja angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu au zaidi, unahisi huwezi kusimama hata ukitaka, na baadaye unajichukia, hiyo huenda ikawa maradhi kamili ya ulaji, yale ya kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia. Tangu 2013 yametambuliwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, na yanatibika, mara nyingi kwa mazungumzo na mtaalamu. Simpi mtu jina la ugonjwa humu mtandaoni. Ila ukianza kula mchana vizuri na usiku bado unavutwa vile vile, nenda kaonane na mtu. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na kwenda pale si kuwa chizi.

MamaPacha:
Asanteni jamani. Daktari, hilo la kujichukia limenigusa, nitalifuatilia.

Kliniki naenda Jumamosi. Chakula cha mchana naogopa kidogo, nimezoea kuona wali ni adui. Na pa kupashia sina, itabidi nile kwa mama lishe. Pale nyuma ya duka sahani ya wali maharage ni shilingi 2,500, ila wali ni mlima na mchuzi unaelea mafuta. Nafanyaje?

Nesi wa Zamu:
Mwambie akupakulie nusu ya wali, maharage mara mbili na matembele yajae. Mama lishe anakubali, wali kwake ndiyo ghali kuliko majani. Mchuzi wa juu asichote. Kachumbari omba isiyotiwa chumvi, kwa ajili ya presha. Na asubuhi beba mayai mawili ya kuchemsha, ule ukishafungua duka hata kama huna hamu. Hamu ya asubuhi itarudi ukipunguza ya usiku.

Jemedari wa Temeke:
Na ile nusu ya wali iliyobaki mwambie aniwekee mimi, nipo mtaa wa pili.