Mrejesho: gololi za udongo na kunguru wa Likoni

Salaam ndugu zangu. Niliuliza kwa nini manati yangu hairushi mahali pamoja, nikitaka kuwafukuza kunguru wa India kwenye mwembe wetu hapa Likoni, Mombasa. Mliosema nipime uzito wa ninachorusha, Mungu awabariki! Nimefinyanga gololi za udongo, nikazikausha kivulini zisipasuke, na sonara jirani akanipimia kwa mizani yake. Za gramu 5 zinapiga karibu pamoja kwenye boksi ninalolenga kwa majaribio, mita 10 kutoka niliposimama. Nzito zaidi zinashuka, nyepesi zinapanda. Mpira wa tyubu nauvuta hadi shavuni kila mara, maana mvuto ukibadilika uzito hausaidii kitu. Kunguru wenyewe werevu mno, mkono ukiinuka tu washaruka. Nalenga tawi walilotua, na upande wa nyumba za watu sirushi kamwe.