Ukoo wa Ujiji: nyimbo za harusi

Binamu Mwanga: DJ anataka orodha. Nimemwambia Diamond na Ali Kiba mwanzo mwisho. Damu ya Kigoma hiyo! Shikamoo mjomba, najua utapinga.

Mjomba Bangwe: Marahaba. Wapigwe tu. Ila juzi uliandika kuwa ndio wanamuziki wakubwa kuliko wote waliotokea huku. Hapo ndipo tunapogombana. Kupendwa ni kitu kimoja, kuwabadilisha wapigaji wenzio ni kingine.

Binamu Mwanga: Mtu anajaza uwanja, mjomba!

Mjomba Bangwe: Uwanja hujazwa na watazamaji. Mimi naangalia vidole. Franco, mpiga gitaa wa Kinshasa, alikuwa anakwanyua nyuzi mbili kwa mpigo, gumba na kidole cha shahada, anairudia ileile mpaka umeinuka kwenye kiti. Dr Nico, mwenzake wa hukohuko Kongo, yeye aliteleza, gitaa linalia. Miaka ya 60 na 70 wapiga gitaa la solo wetu wengi walikuwa wanamfuata mmoja kati ya hao wawili. Mwanamuziki wetu Shem Karenga naye alianzia hapahapa Kigoma, bendi ya Lake Tanganyika Jazz, ndipo akaenda Tabora Jazz.

Shangazi: 😂😂 Huyu alikuwa anaganda kwenye redio ya Kongo hadi betri zinakufa, asubuhi tunazianika juani.

Binamu Mwanga: Sawa, lakini Diamond alipotoa rimiksi na Davido, kila mtu akaanza kutafuta kolabo Nigeria. Na lebo yake ndiyo iliyowatoa Harmonize na Rayvanny.

Mjomba Bangwe: Hapo umenibana. Biashara kaigeuza, nampa. Mlio je?

Dada wa Tabora: Mlio wa sasa mbona si wa Bongo? Ile besi nzito inayodunda ni amapiano, imetoka Afrika Kusini. Nani humu anamjua Kabza De Small, kinara wake?

Shangazi: Ndio nani?

Dada wa Tabora: Umeona? Na kwenye sendofu ulicheza midundo ya kwao mpaka kilemba kikadondoka.

Mjomba Bangwe: HUYO sasa ndiye ninayemsema! Jina hamlijui, lakini wapigaji wanamfuata.

Shangazi: Mnabishana kama vile lazima mtu achague. Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, je? Alipendwa kupita kiasi, 1928 akaenda kurekodi Bombay, na taarabu ya Kiarabu ya ikulu akaiimba kwa Kiswahili ikawa ya watu wa uswahilini. Bi Kidude kajifunza kwake. Kupendwa na kubadilisha muziki, yote mawili kwa mtu mmoja.

Binamu Mwanga: Kwa hiyo DJ nimjibu nini?

Shangazi: Diamond, watu wacheze. Franco wakati wa kula. Akiwekwa usiku, mjomba wenu hatutamtoa ukumbini.