Marekani wanapigia kura mkopo wa kujenga polisi na jela, sisi tunapitiwa na kitabu cha stakabadhi. Haiwezekani na sisi tukaulizwa?

MkaziMbezi

Habari za jioni wakuu. Naomba wenye uelewa wa fedha za umma mnisaidie.

Shemeji yangu yuko jimbo la Washington, Marekani, na ni raia wa huko. Karatasi ya kura imemfikia nyumbani kwa posta, akanipigia picha. Chini ya majina ya wagombea kuna swali: wilaya yao, wenyewe wanaita kaunti, ikope kwa hatifungani (yaani iuze hati za mkopo kwa wawekezaji) ijenge jengo jipya la polisi na jela, deni lilipwe kwa kuongeza kodi ya majengo? Kiwango cha juu cha mkopo kimeandikwa, na miaka ya kulipa pia. Unaweka alama Ndiyo au Hapana.

Sasa njooni huku kwetu, pembezoni mwa Wilaya ya Ubungo. Kituo kidogo cha polisi tulichangishwa kaya kwa kaya, jioni watu wakiwa wametoka kazini. Nilitoa hela, nikaongeza na saruji. Ukuta ulifika kwenye lenta, ukaishia hapo. Nondo zimechomoza juu zinaliwa na kutu, na chumba kilichochorwa kuwa mahabusu kimejaa majani hadi usawa wa dirisha. Mchoro hatujawahi kuonyeshwa. Jumla ya makusanyo haijawahi kusomwa.

Kuchangia sikatai, usalama ni wetu sote. Ila inaniuma kwamba hakuna aliyetuuliza tunataka nini, kwa bei gani. Je, manispaa inaweza kukopa kwa mtindo wa wenzetu, na sisi tukapiga kura?

Mhasibu_Tabata

Mkuu, swali zuri. Nianze na huko kwao. Hatifungani ya aina hiyo dhamana yake ni kodi ya majengo, ndiyo maana lazima wapiga kura waulizwe. Na kwa Washington kuzidi nusu hakutoshi: inatakiwa asilimia 60 waseme Ndiyo, tena waliojitokeza wafikie angalau asilimia 40 ya waliopiga kura uchaguzi mkuu uliotangulia. California ni theluthi mbili. Ndiyo maana baadhi ya majengo ya polisi na jela hukataliwa, wakubwa wanarudi kupunguza gharama, wanaomba tena.

Kwetu kuna vikwazo viwili. Polisi si wa manispaa, wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na magereza vilevile. Pili, halmashauri ikitaka kukopa inahitaji kibali cha waziri, na utaratibu wa mwananchi kupigia kura mkopo huo haupo.

Hatifungani zenyewe si ngeni. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5. Lakini maji yana bili, kila mwezi hela inaingia. Kituo cha polisi hakiuzi kitu, hivyo deni lake litalipwa na kodi tu. Na kodi ya majengo ya kwetu inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Siku tukipewa kura hiyo, na mpangaji apige.

DadaWaKeko

Naomba niseme la jela, maana naona mnazungumzia jengo tu.

Mdogo wangu aliwahi kulala mahabusu ya kituo kimoja hapa mjini. Nilipompelekea chai asubuhi nilimkuta amesimama, kwa sababu usiku kucha hapakuwa na pa kukaa. Ndoo moja pembeni, dirisha la kiganja juu karibu na dari. Hakuwa amehukumiwa. Kesi yenyewe haikufika popote.

Jela za kaunti za Marekani nazo wengi waliomo bado wanasubiri kesi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza vyumba vingapi, ulizeni watu wanakaa humo muda gani na kwa nini. Kwetu sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ikifuatwa, chumba kidogo chenye hewa, choo na maji kinatosha mtaa mzima. Isipofuatwa, hata mkijenga ghorofa litajaa. Kaka, kwenye mchoro wenu dai choo cha mahabusu na chumba cha wanawake peke yao. Hivyo ndivyo vinavyokatwa kwanza hela ikipungua.

Mhasibu_Tabata

Dada, pole sana. Niongeze moja: hatifungani hujenga, hailipi mishahara. Kuna kaunti zimepata jengo jipya halafu askari wa kulisimamia hawatoshi. MkaziMbezi, kabla hamjapandisha tofali jingine, muombeni OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, awaandikie kwamba kikikamilika kitapangiwa askari.

MkaziMbezi

Asanteni sana. Dada, hilo la chumba cha wanawake halijawahi kutajwa kwetu hata mara moja. Nitalibeba.

Basi kwenye mkutano wa mtaa Jumamosi ninaomba manne kwa maandishi: mchoro, gharama kutoka lenta hadi paa, hesabu ya tulichokwisha toa, na barua ya kupangiwa askari. Vibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, watu wavisome, halafu tunyooshe mikono. Wakikataa wengi, michango isimame hadi hesabu irekebishwe, na mimi nitaheshimu.

Kuna fundi au mkadiriaji majenzi humu anayeishi kati ya Kimara na Kibamba? Tunahitaji mtu wa kutusomea mchoro kabla ya Jumamosi. Nauli na chakula juu yangu.