Toleo la pikipiki yangu limeitwa kwa ajili ya breki ya mbele, na mimi ni mmiliki wa pili. Nianzie wapi?

Boliti10:
Wakuu, salaam. Kampuni iliyounda pikipiki yangu imetangaza kuziita pikipiki za toleo hili zibadilishiwe pistoni ya masta silinda ya breki ya mbele, yaani ile pampu ya kwenye mkono wa breki inayosukuma mafuta. Nimenunua kwa mtu, kwa hiyo barua sijaiona. Pedi ni mpya na breki inashika. Je, wito huu unanihusu? Nikibadilisha mafuta ya breki tu haitoshi? Na kipuri kikichelewa, niendelee kuiendesha? Wakala yuko mbali, ndiyo maana nauliza kabla ya kufunga safari.

Chasi_Kumi_na_Saba:
Mkuu, wito unafuata namba ya chasi, haufuati mtu. Barua ilikwenda kwa jina lililoko kwenye kumbukumbu zao, yaani aliyekuuzia au hata aliyemtangulia.

Isome namba kwenye chuma chenyewe, usitegemee kadi peke yake. Geuza usukani upande mmoja hadi mwisho, utaiona imegongwa kwenye shingo ya fremu, mara nyingi upande wa kulia. Futa grisi, mulika tochi kwa ubavu ili kivuli kizionyeshe herufi, kisha piga picha. Namba ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, na haitumii kabisa I, O wala Q. Kwa hiyo ukiona duara ni sifuri, ukiona kijiti ni moja. Wengi wanakosea hapo, tovuti inawajibu kwamba namba haipo, nao wanaondoka wakiamini wako salama.

Iingize kwenye ukurasa wa kampuni wa kutafutia wito. Kama iliuzwa kwanza Marekani, shirika la usalama barabarani la huko, NHTSA, nalo lina ukurasa wa kutafuta kwa namba ya chasi. Pikipiki zilizoundwa kwa soko la ndani la Japani zina namba fupi yenye kistari katikati, na kurasa za masoko mengine haziitambui. Jibu la "haijulikani" si sawa na "haina wito". Hapo mtumie wakala ile picha, atafute upande wake.

Halafu usiishie kwenye jina la toleo na mwaka. Pikipiki mbili za mwaka mmoja, moja inaweza kuwa ndani ya wito na nyingine nje, kulingana na tarehe ya kuundwa.

Spana_Nane:
Mnazungusha jambo dogo. Mwaga mafuta ya zamani, weka mafuta mapya ya breki aina ya DOT 4, toa upepo ulionasa kwenye mfumo wa breki, maliza.

Mama Kalipa:
Spana_Nane, kwa matunzo ya kawaida uko sahihi. Kwa wito wa pistoni, hapana.

Mafuta ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunywa unyevu wa hewa. DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka ibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Lakini unyevu huohuo unafanya kazi nyingine kimyakimya: unakula chuma.

Angalieni wito wa Suzuki wa mwaka 2013 kwa GSX-R. Pistoni ya masta silinda ya mbele haikuwa imetibiwa vya kutosha usoni. Mafuta yakikaa muda mrefu, pistoni inaanza kulika, na kule kulika kunazalisha gesi. Tundu la kuelekea kwenye kikopo cha mafuta liko ubavuni mwa silinda, kwa hiyo gesi haipati njia nzuri ya kutokea. Inabaki ndani. Ukikamata breki, unaminya gesi kwanza, presha inayofika kwenye kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi, inapungua. Ukitoa upepo leo breki inakuwa ngumu vizuri, unafurahi, lakini pistoni ileile ipo na inaendelea kulika. Utakuwa umeondoa dalili tu.

Pedi mpya hazihusiki hata kidogo. Zenyewe zinasukumwa, hazisukumi.

Chasi_Kumi_na_Saba:
Kuna na upande wa karatasi. Mafuta ukibadilisha kwa fundi wa mtaani, kwenye mfumo wa kampuni pikipiki yako inabaki wazi. Ukija kuuza, mnunuzi akiingiza namba atauona wito haujafungwa. Kwa kawaida kazi ya wito wa usalama hailipiwi, hata ukiwa mmiliki wa tano. Kama ulishalipia kazi hiyohiyo kabla ya tangazo, tunza risiti na uulize kuhusu kurudishiwa.

Mama Kalipa:
Boliti10, suala la kuendelea kuendesha. Kama tangazo linasema usiendeshe, usiendeshe, hakuna mjadala. Kama halisemi hivyo, pima kila asubuhi ukiwa umesimama.

Kamata mkono wa breki kwa nguvu, ushikilie kwa dakika moja. Ukizama polepole kuelekea kwenye mshikio, sili za ndani (mipira ya kuzuia mafuta yasipite) zinapitisha mafuta, au kuna mvujo mahali. Ukiwa laini kama sponji, kisha ukapanda na kukaza baada ya kupampu mara tatu nne, kuna hewa au gesi. Vyote viwili, pikipiki inabaki ndani. Pima pia kinyume chake: inua gurudumu la mbele, kamata, achia, zungusha kwa mkono. Likiwa zito kuzunguka, presha hairudi. Mara nyingi katundu ka kurudishia mafuta kamezibwa na utando. Hiyo ni hatari ya aina yake, maana breki inajikamata yenyewe kadiri inavyopata moto.

Na usiipampu breki mbovu ili ufike kwa wakala. Ipakie kwenye gari. Uliza kwanza kama watakuja kuichukua wenyewe. Kwenye wito wa breki si ombi la ajabu.

Boliti10:
Nimewaelewa. Basi nikifika, nitajuaje kazi imefanyika kweli na si kufutwafutwa tu?

Spana_Nane:
Haya, kwa hili nakubali nilikurupuka. Piga simu kabla, pata uhakika kwamba kipuri kiko mkononi mwao na kimetengwa kwa namba yako ya chasi. Ukifika, waombe wakuonyeshe pistoni ya zamani ikitoka. Kifurushi cha masta silinda kwa kawaida kina pistoni yenye sili zake mbili, springi, klipu na buti la mpira. Pistoni iliyolika utaiona ina vishimo na ungaunga mweupe. Sili zipakwe mafuta mapya ya breki au grisi inayokuja na kipuri. Oili ya injini huvimbisha mpira.

Mpira wa breki (bomba la kupitisha mafuta) ukifunguliwa, washa, yaani zile pete za pale kwenye boliti, zinawekwa mpya: mbili kwa mpira mmoja, tatu kama mipira miwili imefungwa kwa boliti moja. Za zamani zimeshaminywa, ndizo zinazoanza kutoa jasho la mafuta baada ya wiki.

Upepo utolewe kuanzia juu kwenye masta silinda, kisha kalipa zote za mbele, na kikopo kisishuke chini ya alama ya LOWER hata mara moja. Mafuta yakidondokea kwenye tangi, yamwagiwe maji papo hapo, yanakula rangi.

Boliti10:
Yangu ina ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikamata breki kwa nguvu. Inabadilisha kitu?

Mama Kalipa:
Inabadilisha. Hewa ikiingia kwenye moduli ya ABS, kwenye baadhi ya mifumo haitoki kwa kupampu peke yake. Inabidi valvu za ndani zifunguliwe kwa kifaa cha kupimia. Waulize kama wanacho kabla hujasafiri. Taa ya ABS ikibaki inawaka baada ya kutembea mita chache, usiichukue.

Chasi_Kumi_na_Saba:
Kabla ya kuwasha, fanya ule mtihani wa dakika moja mbele yao. Karatasi iwe na namba ya wito, namba ya chasi, tarehe na kilometa. Ukiwa hapohapo, wape jina na simu yako wabadilishe kumbukumbu, wito ujao barua ije kwako. Siku chache baadaye ingiza tena namba kwenye tovuti. Kama bado inaonekana wazi, kazi haijasajiliwa, wapigie ukiwa na ile karatasi mkononi.